Mtoto wa Jicho

Hooyo, salamu nitakupa kesho kwa mdomo pale stendi, kwa hivyo hapa sipotezi karatasi ya watu na salamu. Komora ndiye anaandika. Unamjua, yule Mpokomo wa karibu na posta anayewaandikia watu maombi ya kazi. Nimemkalisha kwenye mkeka tangu alasiri, nimempa chai ya maziwa ya ngamia, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengenezee. Ameshaanza kunitengenezea. Anasema hakuna "hii maneno", kuna "haya maneno". Nimemwambia maneno ni yangu, yeye kazi yake ni kalamu.

Amesimama tena. Anauliza kwa nini nakuita mama na wewe ndiye mtoto. Nimemwambia kwetu ndivyo, mama anamwita mtoto wake kwa jina la umama, hooyo kwa hooyo, linaenda linarudi kama ndoo ya kisima. Kwa Kisomali ningesema vizuri zaidi, lakini shule ilikufundisha kusoma kwa Kiswahili, na hii ya leo siwezi kukuambia nikikuangalia. Nikikuangalia nitaanza kusema funga mkoba vizuri, kula kabla ya basi, jifunike, usiongee na kila mtu. Mama akiogopa kusema lake, anasema hayo. Hayo unayajua. Barua usiifungue mpaka basi lipite Mwingi.

Langu ni wivu. Andika, Komora, wivu, usitafute neno la adabu.

Baba yako miaka yote hii hajaniletea mke mwenza. Wanawake wenzangu wakikaa wanalia na wenza wao, mimi nilikuwa nakunywa chai, naangalia, nasema alhamdulillah. Nilijiona mjanja. Kumbe mwenza wangu anakuja, na hakuletwa na mume. Umeniletea wewe.

Wewe unakumbuka alivyokuja kwa njia yako, mimi nakumbuka kwa yangu. Ilikuwa ule mwaka wa mvua ya El Nino, barabara imekatika, sukari hakuna, na ndege za msaada zinapita juu ya mabati yetu hapa Galbet mpaka kuku wakaacha kutaga. Akaja mwanamke Mkamba, mjane, akapanga kile chumba cha nyuma ya ukuta wetu. Syombua. Marehemu mume wake alikuwa anapaka rangi ndege, ndege za kweli, na yeye akabaki na ule mkono, lakini zake ni ndogo, za plastiki, za kukaa juu ya meza. Marubani wanamletea boksi, ndani vipande vipande, yeye anaunga, anapaka rangi, anabandika herufi na bendera, mpaka inakuwa sawa na ile ndege mtu anarusha mwenyewe. Mtu mzima anaruka na ndege mchana kutwa, halafu anataka nyingine ndogo ya kuangalia jioni. Nilicheka sana. Watoto wa mtaa wakamwita Mama Ndege, kwa sababu mtoto wa kuitiwa jina hana. Hana hata mmoja.

Na mimi nikakutuma umpelekee maziwa. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Chupa moja ya maziwa, ukuta mmoja. Mtu anaweza kwenda na kurudi kabla chai haijachemka. Ulirudi adhuhuri.

Nilisema mtoto amepata rafiki, si kitu. Halafu nikaanza kuchungulia. Komora, usinitolee macho, mabati yana matundu, Mungu ameyaweka. Nyumbani wewe ulikuwa unaosha kikombe kama unakimbizwa na fisi. Anjera unabandua kabla haijaiva. Mkeka nilikufundisha kusuka ukasuka upande mmoja, upande wa pili ukamaliza kwa hasira. Lakini kule nakuona umekaa. Umeshika kibano, ulimi umetoka kidogo pembeni, unaangalia kisahani cha maji, unangoja. Unangoja nini? Kikaratasi cha stika. Mwanangu anayeshindwa kungoja maziwa yapoe anangoja kikaratasi kilowe.

Huo utulivu niliutafuta kwako tangu utoto. Niliuombea dua. Kumbe ulikuwa nao, umemwekea mwanamke mwingine.

Sasa nakuja kwa ile siku ambayo mtaa mzima ulinicheka, na wewe ulilia kwa aibu, na mimi sijawahi kukuambia upande wangu. Nilipeleka maziwa mwenyewe asubuhi hiyo. Nilisema miguu inataka kutembea, lakini si miguu. Nikafika nyuma ya mlango, nikasikia sauti ya Mama Ndege, sauti tamu, ya mtu anacheka na mtu wake. Anasema, "Huyu mtoto wa jicho ni wangu, Shukri. Nimemzaa mimi mwenyewe, wala usijilaumu." Na wewe unacheka. Unacheka kile kicheko ambacho kwangu nyumbani kilikuwa kimeshaadimika kama sukari.

Kwetu mtu unayempenda unamwambia wewe ni macho yangu. Sasa mtoto wa jicho atakuwa nani? Nikasimama pale na chupa. Nikaona uchungu wote wa kukuzaa, Ijara, mvua inanyesha, mkunga amechelewa, watu wanasema mimi nimeshazeeka kwa kuzaa. Na huyu amekuja na maboksi yake ya plastiki, anasema amemzaa mwenyewe.

Niliingia bila hodi. Nikamwambia, "Umemzaa wewe? Uchungu uliusikia wapi?"

Akaniangalia. Ameshika ndege mkononi, ndege nyeupe, mkia wa buluu.

"Mama Shukri, uchungu wa nini?"

"Huyu nimezaa mimi. Kama tumbo lako limekataa, usichukue la mwenzako."

Hiyo ya tumbo, hooyo, ningeweza kuirudisha mdomoni ningeirudisha. Lakini ilishatoka. Ukasimama, kibano kikaanguka. Mama Ndege akaangalia ndege, akaniangalia mimi, akaangalia ndege tena. Akasema polepole, kama anaongea na mtu wa homa, "Mama Shukri, wewe unasema umezaa hii ndege?"

Wale wanawake waliokuwa wanachota maji nje wakasikia. Mpaka leo nikipita pale bombani kuna mmoja ananiuliza ndege zangu zimesharuka.

Komora anacheka pia. Anasema kila mtu anajua mtoto wa jicho, ni ule weupe unaotanda kwenye macho ya wazee, baba yake alikuwa nao. Sawa. Mpokomo na Kiswahili ni majirani, mimi Kiswahili changu nilinunua sokoni pamoja na majani ya chai. Kwetu huo weupe una jina lake, na halina mtoto ndani.

Yeye Mama Ndege hakucheka siku hiyo. Ningependa angecheka, ningemchukia vizuri. Alinishika mkono, akanipeleka mlangoni kwenye jua, akaniinamishia ndege. Akasema angalia hapa, pembeni ya herufi. Nikaona. Herufi zimekaa juu ya kingozi chembamba kama cha kitunguu, na chini ya kile kingozi kuna weupe, unametameta kama fedha, kama jicho la mbuzi mgonjwa. Akaniambia, "Rangi hii haing'ai, ina vinundu kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Stika ikilala juu ya vinundu, hewa inabaki chini. Hewa ikipigwa na jua inakuwa fedha. Rubani hataki kuona stika, anataka kuona ndege yake. Nilikuwa na haraka, sikupaka vanishi kwanza. Ndiyo nikasema huyu mtoto wa jicho nimemzaa mimi."

Nikasema, aa. Nikaweka maziwa chini. Nikarudi nyumbani, na wewe ukarudi jioni, umelia.

Tangu hapo nikawa nakuja kukaa mlangoni kwake. Nilisema nakuja kuangalia kazi. Nilikuja kukuangalia wewe. Lakini macho yakikaa mahali yanajifunza yenyewe, na sasa hiyo kazi naijua yote, ila mikono ndiyo sina. Ndege ikishakauka rangi, inapakwa vanishi ya kung'aa mwili mzima, inafunikwa na beseni vumbi lisiingie, maana vumbi la Garissa linaingia hata kwenye yai. Inalala mpaka kesho. Maji ya kisima hapana, yana chumvi, yakikauka yanaacha alama. Ya mto hapana, yana udongo. Mlikuwa mnakinga ya mvua, na mvua ikikosa mnatumia maji ya betri ya gari. Kidogo yapate moto, kama ya kumwogesha mtoto. Kikaratasi kinazama, kinajikunja, kinajikunjua, na hapo ndipo mtu mjinga anakivuta. Wewe hukuvuta. Unagusa na kidole, kama hakijaachia unatoa kidole. Kikiachia hukiinui, unakisukuma kiteleze kutoka kwenye karatasi yake mpaka kwenye bawa, juu ya tone la siki, siki ile ile ya kachumbari. Halafu brashi yenye maji, kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, hewa itoke yote. Ikibaki kipele kimoja, sindano, tundu dogo, tone lingine la siki. Mwisho kabisa vanishi nyingine isiyong'aa, mng'aro wote unazimwa, na stika inapotea ndani ya rangi.

Unaona najua. Na ile ya samli pia nilifanya kwa sababu nilijua nusu.

Ulileta ndege nyumbani ilale chini ya beseni letu, kwa sababu la Mama Ndege limepasuka. Nikaifunua. Nikaona mwili wake umefifia, kavu, nikasema ndiyo hii ambayo haijang'aa, na mtoto amechoka, amelala mchana. Kwetu chombo cha mti kikikauka unakipaka samli, kinang'aa, hakipasuki, bibi yangu alifanya, mama yangu alifanya. Nikaipaka samli. Bawa, tumbo, mkia, mpaka chini kwenye magurudumu. Iling'aa, wallahi, iling'aa kuliko kitu chochote mlichofanya nyinyi wawili. Nikajisemea sasa wataona nani anajua kung'arisha.

Kesho yake ulipobandika, stika zikawa zinateleza kama mtoto kwenye matope. Bendera ikashuka ikalala kwenye mkeka. Ukaenda nayo kwake, na mimi nikafuata nyuma nikingoja akasirike. Nilitaka akasirike, hooyo. Mtu akimkasirikia mwanao mna ugomvi, na ugomvi una mwisho, anahama, anaenda zake. Akanusa ndege. Akasema, "Hii sasa iliwe na anjera." Akachukua sabuni, akaiosha, akakwambia nenda kaongeze maji ya uvuguvugu. Basi. Hakukukemea, wala mimi hakunikemea. Mimi kwa kikombe kimoja kilichovunjika nilikuwa naongea na wewe mpaka magharibi.

Nikarudi nyumbani na harufu ya samli mikononi, nikamchukia kuliko siku ya mtoto wa jicho.

Lakini chuki hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuja siku ulipomaliza ile ya mkia mwekundu, ya kwanza uliyofanya peke yako. Ukaniletea, ukaniambia hooyo, pitisha kidole. Mimi sisomi, nilijua tu kuna herufi, nyeusi, nyingi, pale ubavuni. Nikafumba macho nikapitisha kidole. Sikusikia ukingo. Nikarudia kwa ukucha. Hakuna. Mahali stika inaanza na mahali rangi inaishia hapajulikani, kama herufi zilizaliwa na ile ndege. Ukafurahi. Ukasema ndiyo kazi nzuri, mtu asijue kama ilibandikwa.

Nikasema mashallah, nikatoka nje, nikaenda kukaa na mbuzi.

Kwa sababu ndivyo ulivyokaa kwenye nyumba ya Mama Ndege. Nilikuwa nakuangalia kila siku nikitafuta ukingo. Nilitafuta mahali ambapo Msomali anaishia na Mkamba anaanza, mahali ambapo utasema hapa si kwetu, nirudi kwa mama. Unakunywa chai yake, unaswali kwenye kona aliyokufagilia, unajua kijiko chake kiko wapi bila kuangalia. Hakuna ukingo. Na mimi niliyekuzaa, tukikaa wawili, watu wanaona weupe katikati yetu.

Nimefikiria sana huo weupe umetoka wapi. Mimi nilikubandika kavu. Simama hapa, kaa hapa, fanya hivi, sasa hivi. Sikulowesha kitu, sikungoja kitu kiachie. Nilikandamiza na kidole gumba, na nikiona umejikunja nakandamiza zaidi. Nilijua hivyo tu, nami nililelewa hivyo hivyo. Komora anasema hii ni nzuri, niseme tena aiandike vizuri. Sisemi tena.

Juzi juzi Mama Ndege alipokuja kukuomba, wewe ulikuwa sokoni, kwa hivyo hii huijui. Alivaa leso kichwani, akakataa kiti, akakaa mkekani. Akasema kuna karakana Nairobi inatengeneza ndege za kuwekwa kwenye madirisha ya maofisi ya tikiti, wamemwita, na anataka mkono wa pili. Nikamwambia Nairobi imejaa Wakamba, achukue mmoja.

Akasema, "Wapo. Hawajui kungoja. Shukri anajua kungoja."

Nikamwambia hongera kwa kumfundisha.

"Sikumfundisha mimi. Alikuja nayo siku ya kwanza na chupa ya maziwa. Nilidhani ametoa kwako."

Hooyo, nilitafuta kama ananidhihaki. Niliangalia uso wake wote. Hapana. Alikuwa anasema kitu alichoamini. Na hata hapo wivu haukutoka, uliongezeka, kwa sababu hilo ndilo neno nililotaka mtu aniambie miaka yote, na aliyeniambia ni yeye. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho sikupewa na yule mwanamke.

Baba yako nilimpelekea habari Ijara na dereva wa lori la mbuzi. Jibu likarudi na lori hilo hilo, aende, mkono wenye kazi haulali njaa. Kwa baba yako habari ni ng'ombe akiondoka. Mtoto akiondoka ni safari.

Mimi ningeweza kukataa. Nataka ujue hiyo. Neno lilikuwa mdomoni, na wewe ungenitii, ungekaa, ungeosha vikombe polepole, na kila siku ningeona ule weupe unatanda. Nikasema ndiyo. Sikusema kwa moyo mweupe, usije ukamwambia mtu mama yangu alinibariki kwa furaha. Nimekubariki kwa wivu. Baraka ni ile ile, Mungu haangalii chombo kilichobeba.

Na wivu wangu usiubebe wewe. Usifike Nairobi ukaanza kumnunia Mama Ndege ili mimi nifurahi. Nitafurahi, lakini usifanye. Akikuita mama, itika. Ukiandika barua, usifiche jina lake, usiniandikie "mtu fulani" kama mtu anayeficha sigara. Niandikie Mama Ndege amesema hivi, Mama Ndege amepika hivi. Nitamwambia anayenisomea asome haraka pale.

Kitu kimoja tu kimebaki, na Komora chai yake imekwisha.

Dada yako Halima alipozaa kule Takaba, mimi nilikaa hapa nikingoja kuitwa. Nilisema mama wa mume aniite, mimi si mtu wa kujipeleka. Pengine na yeye alisema mama wa bibi harusi ataleta miguu yake, haitwi. Arobaini ikaisha. Yule ndiye alimfunga Halima tumbo, ndiye alimpikia uji, ndiye alifukiza nyumba, ndiye alimwogesha mtoto maji ya kwanza. Mjukuu wangu wa kwanza, mpaka leo akianguka analia jina la yule. Simlaumu. Barabara ilikuwepo, na nauli ilikuwepo. Nilichokosa ni mahali pa kukiacha kiburi nyumbani nikasafiri bila hicho.

Kwa hivyo sikiliza. Mama Ndege achukue mikono yako. Achukue kimya chako na kicheko chako, ameshavichukua. Ukishikwa na homa akuwekee kitambaa. Lakini siku utaolewa, na Mungu akupe mtoto, arobaini yako ni yangu. Sitangoja kuitwa na mtu. Ukiwa Nairobi nitakuja Nairobi, na uji nitapika mimi, tumbo nitafunga mimi, na mlango nitafunga mimi pia, ufunguo uwe kwangu.

Mama Ndege akija kubisha, nitamfungulia. Nitampa chai, akae mkekani. Mtoto atamshika, sikatai.

Baada yangu.